Jumamosi ya Kamukunji

Nchini Kenya, kamukunji si jina la mahali peke yake. Wanafunzi wa chuo kikuu wakiona karo imepandishwa au chakula kimewashinda kula, mmoja hupaza sauti usiku mabwenini na wenzake wakatoka: kamukunji imeitishwa. Wabunge nao, wakitaka kuzungumza nje ya kikao rasmi, husema wana kamukunji. Neno limejiingiza lenyewe katika ngeli ya i-zi, na kila Mkenya anajua maana yake. Ni mkutano usio na mwenyewe, ambapo jambo linasemwa wazi mbele ya wote.

Kiwanja kilicholizaa neno hilo kipo Eastlands, mwendo mfupi wa miguu kutoka kituo cha mabasi ya mashambani ambacho watu wa Nairobi wamekiita Machakosi Eapoti tangu zamani. Shauri Moyo iko upande mmoja, Gikomba na mitumba yake upande mwingine, na Pumwani na Majengo haziko mbali. Udongo wake ni ule mweusi wa mashariki mwa Nairobi. Mvua ikinyesha hung'ang'ania kiatu kama gundi, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kutosha kumeza sarafu. Mchana kutwa husikika nyundo za mafundi wa jua kali wakigonga bati: majiko, masufuria, masanduku ya watoto wanaokwenda shule za bweni. Mgeni akipita pale hataona kitu cha kumsimamisha.

Nataka kusimulia siku moja ya kiwanja hicho, Jumamosi Julai 7, 1990, siku ambayo Wakenya wanaiita Saba Saba. (Msomaji wa Tanzania asichanganyikiwe: Sabasaba ya kwao ni siku ya kuzaliwa chama cha TANU, Julai 7, 1954. Tarehe ni moja, kisa ni kingine.) Imezoeleka kuisimulia siku hiyo kwa kuanzia bomu la kwanza la machozi, kisha mawe, kisha moshi, kisha hesabu ya maiti. Katika masimulizi hayo wakubwa wana majina na wadogo ni umati. Mimi naona kiini cha siku ile kilikuwa kabla ya moshi, pale maelfu ya watu walipotoka majumbani mwao kwenda kwenye mkutano uliopigwa marufuku, ambao walioutangaza walikuwa wamekwisha kutiwa kizuizini. Hapakuwa na jukwaa, wala kipaza sauti, wala mtu wa kuwahutubia, na walikwenda. Ili kuelewa kwa nini walikwenda, inabidi turudi nyuma, mpaka kwenye mitaa yenyewe ilivyojengwa.

Serikali ya kikoloni iliigawa Nairobi kwa rangi ya ngozi. Wazungu walijichukulia miinuko na miti upande wa magharibi na kaskazini. Wahindi walikaa Ngara na Parklands. Waafrika walisukumwa mashariki, tambarare, karibu na reli na viwanda. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kariokor ilipata jina lake kutoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwabebesha mizigo ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1938 kijiji cha Pangani kilibomolewa na watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Wazee wanasema mtaa ulipata jina kutokana na uhamisho huo, kwamba kila mmoja aliachiwa ashauriane na moyo wake. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa mikono ya mateka wa vita wa Kiitaliano. Zikafuata Bahati, Makadara, Mbotela, Ofafa, Maringo, Jericho.

Nyumba nyingi za mitaa hiyo zilikuwa chumba kimoja, na choo na bomba la maji vilikuwa vya pamoja. Aliyezipanga hivyo alitaka mfanyakazi apate mahali pa kulala, aamke alfajiri, aende kazini. Hakufikiria sana jambo moja. Watu ukiwaweka bega kwa bega ukawapa bomba moja la maji, watapanga foleni, na wakipanga foleni watazungumza. Mshahara wa karani wa reli, kodi ya nyumba, mtoto aliyefukuzwa shule, askari aliyempiga mchuuzi, yote yalifika bombani kabla hayajafika gazetini. Mkoloni alipojenga Eastlands alijenga pia baraza refu kuliko yote nchini, bila kukusudia.

Baraza hilo lilianza kusikika mapema. Machi 1922 mwanaharakati Harry Thuku alipokamatwa kwa kupinga kipande (pasi ya lazima kwa wafanyakazi Waafrika) na kodi, maelfu walikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kusita, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliinua nguo yake mbele yao na kuwaambia wampe suruali zao. Tarehe 16 polisi walifyatua risasi. Serikali ilikiri vifo 21, wengine walihesabu zaidi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Baada ya miaka 28 zamu ilikuwa ya Eastlands yenyewe. Jumapili Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni, Waafrika na Wahindi walikutana katika mkutano mmoja. Makhan Singh, katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki, alisimama akatoa hoja kwamba Uingereza itangaze uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wakati huo waliokuwa wakiomba walikuwa wakiomba viti vya kuteuliwa na mishahara bora. Kuomba nchi yote, tena hadharani, tena Kaloleni, lilikuwa jambo la kushtua. Mei 15 Makhan Singh alikamatwa pamoja na Fred Kubai, rais wa shirikisho hilo, na kesho yake Nairobi ikagoma.

Mgomo ulidumu zaidi ya wiki moja. Wafanyakazi walidai viongozi wao waachiliwe, na mshahara wa kima cha chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Pumwani na Shauri Moyo ndiko walikokutania. Serikali ilituma magari ya deraya, vitoa machozi na marungu. Wiki chache kabla yake, Machi 30, Nairobi ilikuwa imetawazwa kuwa jiji kwa hati ya Mfalme wa Uingereza, kwa sherehe ambazo viongozi wa wafanyakazi waliwataka watu wao wazisusie. Mgomo ulizimwa. Makhan Singh alihamishiwa kaskazini na kuzuiliwa huko zaidi ya miaka 11, mpaka Oktoba 1961. Sijui Mkenya mwingine aliyelipa gharama hiyo yote kwa sentensi moja aliyoitamka katika ukumbi wa mtaa.

Aprili 24, 1954 wanajeshi waliizingira Nairobi alfajiri katika operesheni waliyoiita Anvil. Walipita mlango kwa mlango, wakawachambua watu kwa kabila, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa kambini. Familia nyingi za zamani za Bahati na Pumwani zina mtu wao aliyebebwa kwenye malori siku zile. Katika mitaa ile, kukamatwa kwa wakubwa na mlango kugongwa usiku ni mambo ambayo mtoto alirithi pamoja na kitanda.

Uhuru ulikuja 1963 na Kamukunji ikaendelea kuwa mahali pa kuhutubia umati. Yaliyofuata yanajulikana na sitayarefusha. Vyama vya upinzani vilikufa kimoja baada ya kingine, na Juni 1982 Bunge likaingiza katika Katiba kifungu cha 2A kilichosema KANU ndicho chama pekee. Baraza la jiji la Nairobi lilivunjwa 1983, na mitaa ikawa chini ya tume ya kuteuliwa. Taka zikarundikana, mabomba yale ya pamoja yakakauka, kodi ikaendelea kukusanywa.

Kisha ukaja mlolongo. Katika uchaguzi wa 1988 kura ya siri iliondolewa katika mchujo wa chama. Mpiga kura alisimama kwenye mstari nyuma ya mgombea wake au picha yake, mchana kweupe, mbele ya chifu na mbele ya mwajiri. Sehemu nyingi watu waliuona mstari mrefu kwa macho yao, kisha wakasikia mstari mfupi ukitangazwa mshindi. Kura ya siri ikiibiwa, mtu anaweza kujidanganya kwamba pengine alikosea hesabu. Mlolongo uliwanyima watu hata faraja hiyo. Naamini hapo ndipo KANU ilipoipoteza Eastlands, miaka miwili kabla ya mtu yeyote kutaja Kamukunji.

Mwaka 1990 ulianza vibaya kwa serikali ya Rais Daniel arap Moi. Siku ya kwanza ya mwaka, Mchungaji Timothy Njoya alihubiri kwamba yaliyowapata watawala wa chama kimoja Ulaya ya Mashariki yangeweza kufika Afrika. Februari Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, alikutwa ameuawa. Wiki hiyohiyo watu walikuwa wakishangilia habari za Nelson Mandela kutoka gerezani. Mei 3 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwaita waandishi wa habari wakasema wazi kwamba Kenya inahitaji vyama vingi. Wote wawili walikuwa wamewahi kuwa mawaziri. Rubia alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, na wazee wa mitaani walimjua kwa sura. Wakatangaza mkutano wa hadhara: Kamukunji, Julai 7.

Kabla ya Julai kufika, Eastlands ilipata sababu yake yenyewe. Mei 25 askari wa tume ya jiji waliingia Muoroto, kijiji cha vibanda karibu na Machakosi Eapoti, wakaanza kubomoa. Wakazi, wengi wao wachuuzi na vibarua, walikataa, na fujo kubwa zikazuka. Watu waliumizwa na wakaachwa nje na watoto wao na masufuria yao. Msomi anaweza kujadili kifungu cha 2A siku nzima. Mchuuzi wa Gikomba aliyeona kibanda cha mwenzake kikisawazishwa hakuhitaji mhadhara. Nyimbo kuhusu Muoroto zilirekodiwa kwenye kaseti na kuuzwa kwa siri, zikapigwa kwenye matatu za kwenda Dandora na Kariobangi, na serikali ikaanza kuwakamata wauzaji wa kaseti. Serikali inayofika mahali pa kumwogopa mwuza kaseti ina hofu kubwa.

Sheria ya wakati ule ilitaka mkutano wa hadhara upate leseni. Matiba na Rubia waliomba, wakanyimwa. Jumatano Julai 4 wote wawili walikamatwa na kuwekwa kizuizini bila mashtaka, na mwanaharakati Raila Odinga naye akachukuliwa. Mawakili waliowatetea walisakwa. Gitobu Imanyara, John Khaminwa na Mohamed Ibrahim walikamatwa. Gibson Kamau Kuria alikimbilia ubalozi wa Marekani. Kufikia Ijumaa usiku hapakuwa na kiongozi hata mmoja wa mkutano ule aliyekuwa huru kufika Kamukunji, na wananchi walikuwa wameonywa wasithubutu. Kwa hesabu ya wakubwa, jambo lilikuwa limekwisha.

Ikafika Jumamosi. Julai ya Nairobi ni mwezi wa wingu zito na baridi inayopenya sweta. Ni siku ya kufua, ya kunyoa watoto, ya kwenda Gikomba kutafuta nguo. Kombe la Dunia lilikuwa Italia. Kameruni ya Roger Milla, iliyobeba Afrika nzima mabegani, ilitolewa na Uingereza wiki iliyotangulia, na siku hiyo Uingereza na Italia zilikuwa zikicheza kutafuta nafasi ya tatu. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri ya kubaki nyumbani.

Lakini kutoka Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati au Majengo kwenda Kamukunji hakuhitaji nauli. Unaufunga mlango, unakatiza mtaa, umefika. Ndivyo walivyokwenda, wawili wawili, kisha makundi, mpaka wakawa maelfu. Waliinua vidole viwili hewani, ishara ya vyama viwili au zaidi, dhidi ya kile kidole kimoja cha KANU. Waliimba. Ukilitazama tendo lenyewe, hao ni wakazi wa mtaa waliosimama kwenye kiwanja cha mtaa wao mchana. Kosa lao lilikuwa kusimama pamoja. Hakuna aliyewaamuru, maana waliokuwa na uwezo wa kuamuru walikuwa nyuma ya kufuli. Kila mmoja wao alikuwa ameshauriana na moyo wake, kama jina la mtaa linavyosema, na kuamua kwamba kuonekana pale kunastahili hatari yake.

Nalikazia hili kwa sababu limekuwa likipitwa haraka. Maandamano yenye kiongozi yana mtu wa kulaumiwa na mtu wa kusifiwa. Mshiriki anaweza kusema nilifuata. Waliokwenda Kamukunji siku ile hawakuwa na wa kumfuata. Kwangu, huo ndio ujasiri mkubwa kuliko wote katika historia ya siasa za Nairobi, na nausema kwa heshima yote kwa Matiba na wenzake walioteseka.

Polisi walikuwa tayari, pamoja na GSU, kikosi ambacho kila mtoto wa Eastlands alijifunza kukikimbia kabla ya kujifunza kusoma. Walitupa vitoa machozi, wakaingia na marungu, umati ukasambaratika kuelekea Shauri Moyo, Gikomba na Landhies Road. Yaliyofuata hayakuwa ya amani na sitayaficha. Mawe yalirushwa, barabara zikafungwa, magari yakachomwa, maduka yakaporwa. Kwa siku tatu ghasia zilienea katika mitaa ya Nairobi na miji ya Mkoa wa Kati, mpaka Nakuru. Polisi walitumia risasi. Serikali yenyewe ilitaja vifo 20, na zaidi ya watu 1,000 walikamatwa. Serikali iliwaita wahuni. Kwa muda baada ya hapo, kuinua vidole viwili tu barabarani kulitosha kumtia mtu matatani.

Wapo wanaosema kwamba ghasia zile zinaonyesha umati haukuwa wa amani tangu mwanzo. Mimi siukubali mpango wa hoja hiyo. Mkutano ulipigwa kabla haujatenda kosa lolote zaidi ya kuwapo. Aliyevunja mkutano wa watu waliosimama wakiimba ana wajibu wake katika kilichotokea baada ya kuvunjwa, na mwenye duka aliyeporwa Jumapili naye ana haki ya kulia. Yote mawili ni kweli.

Wenye mamlaka walisema hakuna kilichobadilika, lakini walianza kubadilisha. Kabla ya mwezi kwisha kamati ya KANU chini ya Makamu wa Rais George Saitoti ilikuwa ikizunguka nchi kukusanya maoni, na wananchi wakapata nafasi ya kusema mbele ya kamera mambo ambayo wiki chache nyuma yalikuwa ya kunong'ona bombani. Desemba 1990 wajumbe wa chama walikutana Kasarani wakauondoa mlolongo. Rubia na Raila waliachiliwa mwaka uliofuata. Matiba naye aliachiliwa 1991, lakini alikuwa amepigwa na kiharusi kizuizini na afya yake haikurudi tena mpaka alipofariki Aprili 2018.

Kamukunji ilingojea raundi ya pili. Katikati ya 1991 wazee sita, wakiongozwa na Jaramogi Oginga Odinga, waliunda FORD, vuguvugu la kurudisha demokrasia: Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Salim Bamahriz kutoka Mombasa. Waliitisha mkutano Kamukunji, Jumamosi Novemba 16. Leseni ikanyimwa tena. Safari hii baadhi ya viongozi walifaulu kutoka. Muliro, Shikuku na kijana wakili James Orengo waliingia mitaani kwa gari huku watu wakikimbia kandokando wakishangilia, mpaka polisi walipowafikia. Waliokamatwa walisafirishwa kwa ndege na kushtakiwa kila mmoja wilaya alikozaliwa, mbali na macho ya Nairobi, kana kwamba jambo lililosemwa Kamukunji lingeweza kupasuliwa vipande na kurudishwa kijijini.

Siku tisa baadaye nchi wahisani zilikutana Paris na kusimamisha misaada mipya kwa miezi sita. Desemba 3, 1991, palepale Kasarani, Moi aliwaambia wajumbe kwamba kifungu cha 2A kitafutwa, na Desemba 10 Bunge likakifuta. Vitabu vingi vinatoa sifa kwa Paris. Fedha zilikuwa na nguvu, hilo nalikubali. Lakini wahisani haohao walikuwa wameilisha serikali ya Moi miaka yote ya kifungu cha 2A, na mlolongo wa 1988 haukuwakatisha usingizi. Kilichowafanya wafunge mkoba ni picha za mitaa ya Nairobi. Paris ilifuata nyuma ya Shauri Moyo.

Jumamosi Januari 18, 1992 FORD ilifanya mkutano wake wa kwanza wenye leseni, Kamukunji. Umati ulijaa kiwanja ukamwagika barabarani na juu ya mapaa, na makisio ya siku ile yalipita watu laki moja. Watu wakasimama kwenye udongo uleule, wakainua vidole vilevile viwili, na hapakuwa na bomu la machozi. Mkutano ukaisha, watu wakaenda nyumbani kwa miguu. Kwa miaka yote ambayo polisi walidai kwamba umati wa Eastlands hauwezi kukusanyika bila kuharibu, nafikiri ushahidi wa siku hiyo unatosha.

Leseni yenyewe ilikufa baadaye. Julai 7, 1997 wanaharakati waliitisha Saba Saba nyingine kudai mageuzi kabla ya uchaguzi, polisi wakaua tena na kuwapiga watu hata ndani ya Kanisa Kuu la All Saints. Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, na tangu hapo anayeitisha mkutano hutoa taarifa kwa polisi badala ya kuomba ruhusa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 37, ikasema kila mtu ana haki, kwa amani na bila silaha, kukusanyika na kuandamana. Hicho ndicho walichokuwa wakikifanya watu wa Kamukunji siku ile, miaka 20 kabla hakijaandikwa.

Kuandikwa hakujatosha. Julai 7, 2020 vituo vya haki za kijamii vya Mathare, Dandora, Kayole na kwingineko viliandamana kupinga mauaji yanayofanywa na polisi, na polisi wakawatupia vitoa machozi na kuwakamata wengi. Juni 2024 vijana waliojiita Gen Z walijaza barabara kuupinga Mswada wa Fedha, bila chama na bila kiongozi, na wengi waliwashangaa kana kwamba jambo hilo halijawahi kutokea Nairobi. Lilikuwa limetokea, mwaka 1990, na baadhi ya vijana hao walikuwa wajukuu wa waliolifanya. Julai 7, 2025, miaka 35 kamili, barabara za kuingia katikati ya jiji zilifungwa tangu alfajiri. Raila, aliyekuwa kizuizini Saba Saba ya kwanza, alikuwa ametangaza kwamba atakwenda Kamukunji, hakufika, akataja vizuizi vya barabarani. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitaja vifo 31 nchini kote.

Matiba amekufa. Rubia alifariki Desemba 2019, na Raila Oktoba 2025. Wao vifo vyao vilitangazwa, na majina yao yamo vitabuni. Aliyekuwa na miaka 25 siku ile ya Kamukunji leo amepita 60. Kama mama yako, mjomba wako au jirani yako alikuwa akikaa Eastlands mwaka 1990, mtembelee wiki hii umuulize. Muulize alitoka nyumbani saa ngapi, alipita njia gani, aliimba nini, nani alisimama kando yake, na nani hakurudi. Andika jina, mtaa na namba ya nyumba, na usingoje Julai nyingine.